Nailoni ya silva au majani ya mpunga? Jibu kwa mkulima wa nyanya wa Mlali

Swali lenyewe lilikuja hivi:

"Shikamoo bwana shamba. Nalima nyanya Mlali, nusu eka, namwagilia kwa pampu na mifereji. Msimu uliopita rasta imenimaliza, karibu nusu ya miche ilidumaa nikang'oa, na nilikuwa napiga dawa kila siku nne jamani. Sasa muuza pembejeo ananiambia nitandike nailoni ya silva eti wadudu wanakimbia wenyewe. Mke wangu anasema majani ya mpunga yapo Dakawa tele, tutandaze hayo, hela tulipie ada. Nani yuko sahihi? Na kantangaze nayo itakimbia? Nijibu kabla sijatoa hela."

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la haraka maana najua hela ikiwa mfukoni inawasha. Kwa shamba lako hilo na umwagiliaji wako huo, shemeji yuko karibu zaidi na ukweli, ila muuzaji naye hajakudanganya, nailoni ya silva (ile plastiki ya kung'aa ya kutandika juu ya tuta) kweli inapunguza inzi weupe na hilo limepimwa sana huko duniani. Tatizo ni kwamba wote wawili, na wewe wa tatu, mnaongelea shambani wakati mi nina wasiwasi rasta yako (huo ugonjwa wa kirusi wa majani kujikunja, unaoletwa na inzi weupe) ilianzia kitaluni. Nitafika huko, usiruke.

Kwanza tuelewane matandazo yanamfanya nini mdudu, maana watu wengi wanadhani nailoni ya silva ina harufu au ina dawa ndani. Haina kitu. Ni mwanga tu. Mdudu mdogo anayeruka kama inzi mweupe au kidukari (wengine mnamwita mdudu mafuta) anatumia macho kutafuta pa kutua, akiwa juu anga liko upande wa mgongo wake na anga ndilo lenye ile miali ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni lakini yeye anaiona vizuri, na ardhi iko chini, giza, kahawia. Akitaka kutua anaangalia kitu cha kijani au cha njano kilichokaa juu ya hiyo giza. Mche wako wa nyanya wa wiki moja katikati ya udongo mtupu wa Mlali ni kama duka lenye taa usiku, unaonekana kutoka mbali. Sasa ukitandika kitu kinachong'aa chini, anga linakuwa juu na anga linakuwa chini, jamaa anachanganyikiwa, hajui ashuke wapi, wengi wanapita moja kwa moja au wanatua kwa jirani (pole jirani).

Majani makavu ya mpunga yanafanya kazi inayofanana lakini kwa njia yake, hayarushi mwanga mwingi kama silva ila yanaua ule utofauti wa kijani juu ya kahawia. Mche unapotea kwenye rangi ya majani makavu. Marekani kule California, kwenye bonde la San Joaquin, watafiti waliweka majani makavu ya ngano na plastiki inayong'aa bega kwa bega kwenye mazao ya jamii ya maboga na matikiti, na vyote viwili vilipunguza vidukari na inzi weupe ukilinganisha na udongo mtupu. Kwa hiyo wazo la shemeji sio la kimaskini, lina mashiko kabisa.

Ila shika neno hili maana ndo jibu langu lote: matandazo yanamzuia mdudu anayetua kwa macho, na yanamzuia wiki za mwanzo tu. Nyanya ikishatanuka, majani yakafunika zaidi ya nusu ya tuta, hakuna tena silva inayoonekana kutoka juu, kazi imeisha. Kwa nyanya unapata kama wiki nne mpaka sita tangu kupandikiza, ukiweka miti na kamba mapema mmea ukasimama wima unaongeza siku kidogo. Utaniuliza sasa faida yake nini kama ni mwezi mmoja na nusu? Faida ni kwamba rasta ikimpata mche wa wiki mbili hupati kitu hapo, majani yanajikunja kwenda juu, kingo za njano, mmea unadumaa, maua yanapukutika. Ikimpata ana wiki saba tayari amefunga matunda ya chini, utapata ndoo zako kadhaa. Unachonunua ni muda, huo mwezi.

Na mdudu ambaye tayari yuko kwenye mche, aliyetaga mayai yake chini ya jani, huyo silva haimhusu. Yeye ameshafika.

Sasa kitalu. Kirusi cha rasta kinabebwa na inzi mweupe, sio kwa mkono wako wala sio kwa jembe. Inzi akinyonya mmea mgonjwa kama nusu saa hivi anakibeba, kinakaa mwilini mwake saa kadhaa kabla hajaanza kuambukiza, na baada ya hapo anazunguka nacho sehemu kubwa ya maisha yake, kila mche anaokaa kula anauachia. Mmea wenyewe ukishaambukizwa hauonyeshi kitu kwa wiki mbili tatu. Piga hesabu: miche yako inakaa kitaluni wiki nne, unaipeleka shambani mizuri ya kijani umefurahi, wiki ya pili shambani inaanza kujikunja, unalaumu shamba, unaanza kupiga dawa kila siku nne. Ile miche ilitoka kitaluni imeshabeba mzigo. Hapo ungetandika hata dhahabu chini isingekusaidia, na mbaya zaidi hiyo miche yako yenyewe ndo inakuwa chanzo cha kuambukiza mingine iliyokuwa mizima.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza inaenda kwenye neti ya kitalu, sio kwenye roli la silva. Neti ya matundu madogo kweli kweli, ile inayoitwa meshi 50. Chandarua cha mbu hapana, nimewaona watu wengi wanatumia, inzi mweupe ana urefu wa kama milimita moja na ni mwembamba, kwenye chandarua anapita bila hodi. Kwa nusu eka unahitaji miche kama elfu tano mpaka sita, hiyo inakaa kwenye vituta viwili vitatu tu, neti yake si kubwa. Chomeka fito zilizopinda, funika, fukia kingo zote na udongo, na ukifungua kumwagilia funga tena palepale sio unaacha wazi unaenda kunywa chai. Alafu kitalu kisiwe pembeni ya shamba la nyanya la zamani, hapo ni sawa na kulaza mtoto wodini.

Angalia pia mbegu. Kwenye pakiti za mbegu chotara tafuta herufi TYLCV kwenye orodha ya magonjwa inayovumilia. Hiyo ndiyo rasta. Kuvumilia maana yake sio kwamba haiumwi kabisa, ila inazaa hata ikiumwa.

Haya, turudi kwenye nailoni. Nikupe hesabu kwanza kabla ya mengine maana muuzaji hajakupa. Nusu eka ni mita za mraba kama 2,000. Ukipiga matuta ya umbali wa mita moja na nusu kati ya katikati ya tuta na katikati ya lingine, unapata urefu wa jumla wa mita 1,300 na ushee za matuta. Maroli mengi yanakuja mita 400, upana mita 1.2. Hiyo ni maroli matatu na kitu, yaani utanunua manne. Zidisha mwenyewe kwa bei aliyokutajia. Na hapo bado sijaweka la maji: wewe unamwagilia kwa mifereji. Nailoni inataka dripu chini yake, mpira unapita ndani ya tuta ndo nailoni juu. Kwa mifereji inawezekana, maji yanapita kati ya matuta yanajipenyeza pembeni, lakini tuta lazima liwe jembamba na udongo uwe unanyonya vizuri, la sivyo katikati panabaki pakavu na wewe huoni maana pamefunikwa. Nimeona shamba mtu anamwagilia wiki nzima na mmea unanyauka, akaja kuchana nailoni udongo ni vumbi.

Kama una dripu au unapanga kuweka, basi hadithi inabadilika na silva inakuwa kitu kizuri sana. Hapo fanya hivi: matuta yainuke kama sentimita 15 mpaka 20, yawe laini bila mabonge, mpira wa dripu kwanza, ujaribu maji kabisa uone kila tundu linatoa, ndo uvute nailoni ikaze kama ngozi ya ngoma, kingo zifukiwe sentimita 15. Silva juu, nyeusi chini. Nimesema hivyo maana nimeshakuta mtu kageuza, nyeusi juu silva chini, ananiuliza mbona wadudu hawakimbii. Ikilegea inapigwa na upepo inampapasa mche mpaka inauvunja. Unene chukua maikroni 25 au 30, zile nyembamba zaidi zinachanika hata ukizikanyaga na ndala.

Na shimo la kupandia usilifanye kubwa. Jua la Morogoro unalijua. Chini ya nailoni hewa inapata moto na njia yake ya kutoka ni hilo shimo, sasa mche mchanga umekaa mdomoni mwa jiko. Mimi mwenyewe mwaka mmoja, enzi najifunza, nilitandika nyeusi tupu Bagamoyo mwezi wa kumi na moja, nikapandikiza saa sita mchana kwa sababu vibarua walichelewa, keshokutwa yake shina za miche zimebabuka palepale zinapogusa plastiki, nilipoteza karibu robo ya mstari mzima na vibarua nilishawalipa. Silva ni afadhali kuliko nyeusi, haichemshi udongo kiasi hicho, lakini panda jioni, shimo liwe la kuingia mche tu, alafu rudishia udongo kidogo kuziba mdomo wa shimo ili moto usitokee hapo.

Pia silva ikichafuka sio silva tena. Mvua ikirusha tope jekundu juu yake, au ukitembea na matope, ule mwanga unapotea. Sio lazima uifute kila siku kama meza ya sebuleni ila wiki zile nne ipiganie ibaki safi.

Utasikia pia mtu anauza ya njano. Rangi ya njano inavuta inzi weupe, haiwafukuzi. Israel miaka ya 1970 waliijaribu kwenye nyanya dhidi ya huu huu ugonjwa wa majani kujikunja, wazo lilikuwa inzi waende kwenye plastiki ya njano badala ya mmea na ule moto wa plastiki uwaue, na kweli ilichelewesha ugonjwa. Lakini ilitegemea jua kali na plastiki yenye joto la kutosha, ukikosea unakuwa umewaita wageni nyumbani bila kuwapikia. Sikushauri. Njano iache kwenye zile karatasi za gundi za kunasia.

Sasa majani ya mpunga ya Dakawa. Hapa kuna kosa moja ambalo karibu kila mkulima analifanya na ndilo linalofanya watu waseme matandazo ya majani hayasaidii wadudu: wanatandaza baada ya mwezi. Wanapandikiza, wanapalilia mara ya kwanza, wanaweka mbolea, ndo wanakumbuka majani. Kwa kutunza unyevu sawa, kwa kuzuia magugu sawa, lakini kwa inzi mweupe umeshachelewa, mwezi ule ndio uliokuwa unauhitaji. Majani yawe shambani siku unapopandikiza, au siku moja kabla. Tandaza, alafu tenga kidogo panda, mche unatokeza kichwa tu kwenye rangi ya njano njano ya majani mapya.

Unene kama sentimita tano mpaka saba ukishakandamiza, sio kutupiatupia mpaka udongo unaonekana katikati kama kichwa chenye mba. Majani yanadanganya, yakiwa kwenye gari yanaonekana mlima, ukitandaza yanaisha nusu ya shamba. Kwa nusu eka usitegemee kenta moja, jiandae zaidi, na ulizia usafiri kabla maana majani yanaweza kuwa ya bure lakini kenta ya kutoka Dakawa mpaka Mlali sio bure, shemeji aiweke kwenye hesabu yake ya ada. Ukiona hayatoshi ni bora utandaze juu ya matuta tu vizuri uache mifereji wazi kuliko kusambaza kiduchu kila mahali, na kwako mifereji lazima ibaki wazi kwa hiyo imekaa vizuri.

Usiyasukume mpaka yaguse shina, acha nafasi kama upana wa kiganja, shina likifunikwa na majani yaliyolowa linaoza hasa ukiwa unamwagilia sana. Na baada ya wiki tatu hivi utaona yameanza kuwa ya kijivu na yamelala, ukiwa na akiba ongezea safu nyembamba ya majani mapya juu, rangi ile ya njano irudi.

Majani yana faida moja ambayo nailoni haina na watu hawaiongelei: yanafuga askari. Buibui, mende wa ardhini, wadudu wanaokula wadudu, wote wanapenda kivuli na unyevu wa chini ya majani. Nyanyua majani asubuhi uone, utakuta buibui wadogo wanakimbia kila upande. Hao wanakula bure usiku na mchana. Lakini ukiendelea na ile dawa yako ya kila siku nne unawaua wao kwanza, maana inzi weupe wa huko kwenu wameshapigwa dawa za aina moja miaka na miaka mpaka wengi wao zinawapita kama maji, buibui hana hiyo kinga. Kwa hiyo usinunue matandazo ukaendelea kupiga dawa kwa kalenda, itakuwa hela mbili kwa kazi moja. Piga ukiwa umehesabu ukaona, na ubadilishe kundi la dawa sio kubadilisha jina la chupa. Soma kiambato kwenye lebo, majina ya biashara ni mengi ila ndani unaweza kukuta ni kitu kilekile.

Na yana shida zake, nisikufiche. Mchwa, kwanza kabisa. Kiangazi majani makavu ni chakula chao, wataanza na majani na yakiisha au yakikauka sana wanaweza kusogea kwenye shina. Majani ya mpunga hawayapendi sana kama mabua ya mahindi, mabua ya mahindi usiyalete kabisa. Yakiwa na unyevunyevu hawajai sana. Pili sota, lile dude linalokata mche usiku unakuta umelala chini asubuhi, nalo linapenda kujificha chini ya majani, kwa hiyo wiki ya kwanza pitia mapema, ukikuta mche umekatwa fukua hapohapo kando ya shina kina cha kidole utalikuta limejikunja, limalize. Ukipanda masika ongeza konokono na jongoo, ndo maana kwa kilimo cha masika mimi nasogea upande wa nailoni na kwa kiangazi nasogea upande wa majani. Na panya jamani, wanapenda kujenga humo, na panya wa Morogoro sio wote wameajiriwa kunusa mabomu, wengine kazi yao ni kutoboa mipira ya dripu na nyanya za chini.

Jambo lingine, uliza majani yametoka kwenye shamba lililopigwa dawa gani ya magugu na lini. Nyanya ni nyepesi sana kudhurika na dawa za magugu ya majani mapana, zile wakulima wa mpunga wanazotumia. Jaribu hivi: loweka majani kwenye ndoo, yale maji mwagilia miche michache ya maharage, subiri wiki mbili. Majani ya maharage yakijikunja au kusokotekana acha huo mzigo, maharage nayo yanashtuka haraka.

Kantangaze. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Kantangaze (jina la kitaalamu Tuta absoluta, halihusiani na tuta la kupandia) aliingia kwetu 2014 na ni nondo, anaruka jioni na usiku, mchana anajificha kwenye majani. Mdudu anayefanya kazi usiku huwezi kumchanganya na mwanga wa jua. Silva haimfukuzi, majani hayamfukuzi. Kitu kimoja tu kinaweza kusaidia kidogo, ni kwamba kiwavi wake akikomaa wengi wanadondoka kwenda kugeuka pupa (hatua ya kutulia kabla hajawa nondo) ndani ya udongo, na nailoni iliyokaza inawazuia kuingia ardhini, wanabaki juu kwenye moto na kwa sisimizi. Lakini wengine wanageukia hukohuko kwenye majani ya mmea, kwa hiyo usihesabu kama kinga. Kwa kantangaze ni mitego ya harufu ya jike, kung'oa masalia ya nyanya shambani mara tu unapomaliza kuvuna sio kuyaacha yajifie taratibu kama mnavyopenda, na kutopanda nyanya baada ya nyanya, wala bilinganya wala viazi mviringo.

Hiyo hadithi ya kudondoka ardhini ina maana zaidi kwa thripsi (wale wadudu wadogo wembamba) na kwa wale wanaochora vinjia vyeupe kwenye majani, wengi wao lazima wapite kwenye udongo. Wanaolima vitunguu hata majani makavu tu yamewapunguzia thripsi. Na ukija kulima matikiti au matango huko mbele ndipo silva inapolipa kuliko nyanya, kwa sababu magonjwa mengi ya virusi ya mazao yale yanaletwa na vidukari ambao wanachoma jani sekunde chache tu wanaonja na kuondoka, kirusi kimeshaingia. Dawa yoyote unayopiga inamkuta ameshamaliza kazi yake. Kumzuia asitue ndio njia pekee yenye maana hapo, ila mitambaa ya tikiti inafunika nailoni haraka kwa hiyo muda wako ni mfupi zaidi.

Sasa ningekuwa mimi, na shamba ni nusu eka, mifereji, hela ya kubana, kiangazi kinakuja. Hela ya neti na mbegu inayovumilia rasta inatoka kwanza. Majani ya mpunga ya kutosha, shamba lote, siku ya kupandikiza. Na kama bado roho inakutuma kwenye silva nunua roli moja tu, sio manne, hilo linakupa matuta 13 ya mita 30. Usiliweke katikati ya shamba. Liweke ule upande unaotoka upepo, hasa kama huko ndiko kuna nyanya za zamani za jirani, maana inzi weupe wanakuja na upepo na wanaanza kutua pembeni ndo wanasambaa. Hayo matuta yawe ya kumwagilia kwa uangalifu, chana kidogo kila siku tatu uone unyevu kabla hujajifunza tabia yake.

Alafu acha matuta mawili matupu bila kitu. Najua inauma, ila bila hayo hutajua kama kilichokusaidia ni matandazo au ni mwaka tu ulikuwa mzuri. Mara mbili kwa wiki, asubuhi mapema kabla jua halijachoma, inzi wakiwa bado wazito kuruka, pindua taratibu majani 20 ya nyanya kwenye silva, 20 kwenye majani ya mpunga, 20 kwenye matupu, hesabu inzi, andika kwenye daftari, hata la mtoto. Rasta ikijitokeza kwenye mche wiki tatu za mwanzo ng'oa, weka kwenye mfuko hapohapo ufunge, usiutembeze shambani mkononi inzi wakidondoka njiani. Hizo namba za wiki tano nitumie, ndo tutajua kama maroli mengine matatu yana haja.

La mwisho kuhusu nailoni: ikiisha kazi itoe yote, kingo zilizofukiwa pia, usiilime ndani ya udongo wala usiichome. Ile marufuku ya Juni 2019 ilikuwa ya mifuko ya plastiki ya kubebea, nailoni ya shamba sio mfuko, lakini vipande vyake vikibaki ardhini mizizi ya msimu ujao inakutana navyo. Ukiitoa kwa upole, ya maikroni 30 unaweza kuitumia msimu wa pili, japo mng'ao utakuwa umepungua. Majani yenyewe yaache yaoze, msimu ujao yalime ndani, ila kama nyanya ziliumwa ugonjwa wa kunyauka yatoe nje ya shamba kwanza.

Na kama jirani ana kuku, ongea naye wiki hii hii. Majani ya mpunga yanabaki na punje punje, kuku wakizigundua watafukua matuta yote kabla inzi mweupe hajafika.